Masizi ya Injini na Hila za Kuyakimbia

Ashukaye kutoka mzunguko wa Globe akaifuata barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wakiiita Grogan, hupita baina ya maduka ya spea yaliyosongamana hata macho yakakosa mahali pa kutua: injini za Japani zilizofungwa nyaya, giaboksi zilizolazwa juu ya mbao, taa, milango, vioo, na vijana wa kazi walio hodari wa kumtambua mgeni kabla hajafungua kinywa. Huko, na katika gereji za jua kali za Dagoretti Corner, Kawangware na Kangemi, kumezuka kwa miaka ya karibuni maradhi ya magari ambayo mafundi wa zamani, waliofunzwa kazi kwa kabureta na plagi, hawakuyajua: gari lililo zima kwa kila hali, lenye tairi njema na betri mpya, hukosa nguvu ghafla, likaupanda mwinuko wa Waiyaki Way kwa kusitasita, taa ya rangi ya machungwa ikawaka kwenye dashibodi, na mwenyewe akaambiwa kwa neno moja tu kwamba limeziba.

Kilichoziba aghalabu ni kimojawapo cha vyombo vitatu ambavyo havikutiwa katika gari kwa ajili ya dereva. Havimwongezei mwendo wala havimpunguzii gharama ya mafuta. Vilitiwa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu kandokando ya barabara, na mama achomaye mahindi kituoni, na mtoto alalaye katika chumba ambacho dirisha lake laelekea njia kuu. Msomaji alishike jambo hili tangu mwanzo, kwa maana ndilo lielezalo kwa nini mwenye gari huwa mwepesi mno kuvitupa vyombo hivyo siku vinapomletea usumbufu.

Asili ya vyombo hivyo ni mji wa Los Angeles, Marekani, ambao katika miaka ya 1940 ulifunikwa na ukungu mchungu wa kuwasha macho, watu wasijue utokako, hata mwanakemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, akabainisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwa ni mvuke na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta uliogeuzwa tabia na mwanga wa jua. Mfaransa aliyehamia nchi hiyo, Eugene Houdry, akabuni chombo cha kuusafisha moshi ungali ndani ya bomba la gari, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1956. Walakini uvumbuzi huo ulikaa karibu miaka 20 pasipo kuenea katika magari ya watu, kwa sababu petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, na risasi huyaua madini yafanyayo kazi ndani ya chombo kile. Ikalazimu risasi iondoke kwanza. Sisi huku tulichelewa: nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwezi Juni 2001 kuiacha petroli hiyo, na ulipoingia mwaka 2006 Kenya ilikuwa imekwisha kuiacha. Kabla ya hapo gari lililoletwa na chombo kizima lilikiharibu kwa matangi machache ya petroli ya hapa, na huenda ndipo lilipoanzia wazo, ambalo halijatoka vichwani hadi leo, kwamba kitu hicho ni pambo la Wazungu na Wajapani lisilofaa kwa barabara zetu.

Cha kwanza, kile cha Houdry, ndicho ambacho mafundi wengi hukiita masega. Ndani ya ganda la chuma mna gome la udongo wa kuchomwa lenye maelfu ya vijitundu vya pembe nne, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, jumla yake gramu chache tu. Moshi upitapo humo, ukakuta joto la nyuzi 250 au 300 na zaidi, sumu ya kaboni monoksidi hugeuka kuwa hewa ya kawaida ya ukaa, na mvuke wa petroli isiyoungua huteketezwa. Gome hili haliharibiki kwa uzee peke yake. Huzibwa na injini iliyochoka ambayo inakula oili, kama ilivyo kwa Probox nyingi zilizobeba mizigo miaka kumi bila kupumzika. Au huyeyuka kwa sababu ya koili mbovu au plagi iliyokufa, kwani petroli isiyowashwa ndani ya silinda huingia katika masega ikawakia huko, joto likapanda kuliko udongo ule uwezavyo kustahimili. Basi fundi anayefunga masega mapya asishughulike na koili amemuuzia mteja wake kitu kitakachoungua tena.

Cha pili ni vali ya kurudisha moshi. Yeyote asikiaye habari yake mara ya kwanza hustaajabu: iweje moshi uliokwisha kutolewa urudishwe katika injini? Sababu ni joto. Mwako ukizidi nyuzi 1,400 hivi, naitrojeni na oksijeni za hewani, ambazo kwa kawaida haziingiliani, huungana zikawa gesi kali ya kuchoma mapafu. Na moshi, kwa kuwa hauungui mara ya pili, ukichanganywa na hewa mpya kwa kiasi kilichopimwa huupoza mwako huo. Tadbiri ni njema, ila ina dosari moja ambayo wenye injini za dizeli wanaijua sana: masizi yarudiyo hukutana njiani na mvuke wa oili utokao katika tumbo la injini, vitu hivyo viwili vikashikana vikawa lami nyeusi, nayo lami hupunguza njia ya hewa mwaka hata mwaka mpaka tundu ambalo mtu angeweza kupitisha vidole vitatu likawa halipitishi hata kidole kimoja. Vali ikinata ikiwa wazi, injini hutetemeka gari liwapo limesimama, na moshi mweusi hutoka. Ikinata ikiwa imefungwa, taa huwaka na injini ya petroli huweza kugonga. Magari yanayotumia petroli pamoja na umeme nayo hayakusalimika: katika Toyota Prius za kizazi cha tatu, zilizoundwa kuanzia mwaka 2009, mafundi wengi huunganisha kuziba kwa kipoza moshi na kuungua kwa gasketi ya kichwa cha injini, jambo ambalo gharama yake humfanya mwenye gari aketi chini.

Cha tatu ndicho kigeni zaidi, na ndicho kilichojaza gereji siku hizi: chujio la masizi la injini za dizeli. Miongoni mwa magari ya kwanza ya kuuzwa kwa watu yakiwa na chujio hilo ilikuwa Peugeot 607 ya mwaka 2000. Baadaye sheria za Ulaya na za Japani zikawa kali hata dizeli ndogo isiyo na chujio ikawa haiuziki huko. Chujio hili nalo lina vijitundu, lakini kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya ukutani, ukaacha masizi yake nyuma. Chujio likikaribia kujaa, kompyuta ya gari hutoa amri mafuta zaidi yamwagwe mwishoni mwa mwako ili joto la moshi lifike nyuzi 600 hivi, na masizi yateketee. Kazi hiyo huchukua dakika 15 au 20 hivi, nayo yahitaji mwendo: gari liwe linakwenda kilomita 60 kwa saa au zaidi, bila kusimamasimama. Kadhalika ifahamike kwamba si kila kilichomo huteketea. Ni kama jiko la mkaa, ambalo makaa yake huisha lakini majivu hubaki: oili ya injini ina madini ambayo yakiungua huacha majivu, na majivu hayo hayana njia ya kutoka ila chujio livuliwe likasafishwe.

Haya na yawekwe sasa mbele ya maisha ya Nairobi. Mtu anakaa Lavington au Kileleshwa, ofisi yake iko mjini, umbali wa kilomita chache ambazo mwenye miguu mizuri angezitembea. Huwasha gari alfajiri, injini ikiwa baridi; huingia James Gichuru au Valley Road akakuta msururu; husogea, husimama, husogea tena; na aghalabu injini haijapata joto lake kamili anapofika kwenye maegesho akaizima. Kompyuta ilikuwa pengine imeanza kuchoma masizi pale Museum Hill; ikakatizwa. Jioni ikaanza tena, ikakatizwa tena langoni mwa nyumba. Mafuta yale ya ziada yaliyomwagwa kwa nia ya kuchoma hayapotei: mengine hupita kandoni mwa pistoni yakaingia katika oili, na oili ikaongezeka badala ya kupungua. Mazda, ambayo dizeli zake ndogo za SkyActiv zilianza kuuzwa Japani mwaka 2012 na ambazo katika umbo la CX-5 na Demio zimejaa sasa katika mitaa ya magharibi ya mji huu, iliweka alama ya X juu ya kipimo cha kawaida katika kijiti cha kupimia oili, ili mwenye gari ajue kwamba oili ikifika hapo imekwisha kuharibiwa na dizeli. Nimewasikia waungwana wakijisifu kwamba magari yao hayali oili hata tone, tena yanazalisha. Heri wangesikitika.

Fauka ya hayo, mji wenyewe umekaa juu. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu aendavyo magharibi kupitia Kangemi na Uthiru ndivyo apandavyo, hata Limuru ambako huwa amepita mita 2,200. Hewa ya hapa mjini imepungua uzito kwa takriban sudusi moja ikilinganishwa na ya Mombasa, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoa masizi zaidi. Injini za kisasa zina tabo ya kusukuma hewa, nayo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Lakini tabo iliyochoka, au mpira wa hewa uliopasuka ufa mwembamba usioonekana, ambao pwani ungevumilika kitambo, huku juu hulijaza chujio kwa wiki chache.

Mafuta nayo yamelaumiwa sana, na kwa muda mrefu yalistahili lawama. Lakini haki ni haki: tangu Januari 2015 dizeli iingizwayo Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki imetakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni moja, ilhali zamani zilihesabiwa kwa mamia na hata maelfu. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilikuwa kimekwisha kuacha kazi hiyo mwaka 2013, mafuta yote yakawa yanaletwa yakiwa tayari. Lililobaki baada ya hapo lilikuwa ulaghai wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi zaidi, mpaka serikali ilipoyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili faida ya ulaghai huo ikatike. Wakaumia maskini wenye vibatari na majiko ya stovu, hilo halifichiki. Walakini anayeendelea leo kutupa lawama zote kwa kituo cha petroli, huku oili ya gari lake haijabadilishwa tangu mvua za masika zilizopita, anajipumbaza.

Na oili yenyewe si oili yoyote. Dizeli ndogo za Kijapani zenye chujio huhitaji oili yenye majivu machache, na mkebe wake huandikwa DL-1. Za Ulaya huandikwa ACEA na herufi C. Mkebe wa bei ya chini usio na alama hizo waweza kuwa oili halali na nzuri kwa lori la kale, lakini kwa injini hizi kila lita ni majivu ya kesho. Mtu aweza kununua oili bora kwa miaka mitano mfululizo na bado asifikie bei ya chujio moja jipya.

Sasa taa imewaka. La kwanza ni kutojitia hofu wala ajizi. Fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ataichomeka chini ya usukani, naye atatoa namba: P0420 yahusu masega, P0401 yahusu moshi usiorudi kama ipasavyo, P2463 yahusu masizi yaliyozidi katika chujio. Hapa ndipo wengi hupotezwa. Namba ni shahidi, si hakimu. Husema kompyuta imeona nini, haisemi kwa nini. Sensa iliyokufa huweza kuleta namba ileile iletwayo na masega yaliyokufa, na sensa ni rahisi mara nyingi kuliko masega. Fundi mwaminifu atatafuta ithibati kabla ya kufungua spana. Atavua sensa iliyo mbele ya masega na kufunga hapo geji ya kupimia msukumo wa moshi, maana penye kuziba msukumo hupanda. Atasikiliza kama gome limevunjika likagonga ndani ya ganda. Katika dizeli atasoma tofauti ya msukumo kati ya mdomo na mkia wa chujio, kisha akague vijibomba viwili vya sensa hiyo, ambavyo navyo huziba au hupasuka na kulisingizia chujio lisilo na hatia. Baadaye atapekua koili, plagi, nozeli, tabo, mipira ya hewa na kiwango cha oili. Anayeruka yote hayo na kusema mara moja "hii tunatoa," mteja na amshukuru, akachukue ufunguo wake.

Chujio likiwa limejaa masizi lakini taa yake haijaanza kumetameta, dawa ni barabara. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina urefu wa kilomita 27. Dereva akiishika kutoka mwisho hadi mwisho kwa kilomita 80 kwa saa amepata dakika 20 zisizo na taa wala mzunguko, ndicho kiasi ambacho kompyuta inakitaka, na ushuru wa kupita hapo, ambao watu huunung'unikia, ni kitu kidogo mbele ya gharama ya gereji. Asiyetaka kulipa aishike Southern Bypass hadi Kikuyu, au njia ya Nakuru kupita Limuru, siku ya Jumapili asubuhi kabla ya familia kutoka. Atie gia ya chini kidogo ili injini izunguke zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, wala asiizime katikati ya kazi. Tangi lisiwe karibu tupu, kwa maana magari mengine hukataa kuchoma masizi mafuta yakiwa machache. Safari ya namna hii kila wiki mbili humtosha mtu wa mjini.

Taa ikimetameta, au gari likijipunguzia nguvu lenyewe, njia ya barabara imepita. Hapo mashine ya fundi hutumika kuilazimisha kompyuta ichome masizi gari likiwa limesimama, kazi ya kufanywa mahali pa wazi penye sakafu, si juu ya nyasi kavu wala karibu na matambara ya mafuta, kwani bomba huwaka joto la kutosha kuanzisha moto. Isipofaa, chujio huvuliwa likaoshwa kwa dawa na maji, au likapulizwa na kuokwa katika tanuri maalumu. Wapo Nairobi mafundi waifanyao kazi hiyo kwa uangalifu. Swali la kuwauliza ni moja: je, wanapima msukumo kabla na baada, wakakuonyesha tofauti? Na maji meusi yatokayo humo yasimwagwe mtaroni. Nyuma ya barabara ya Kirinyaga hupita mto Nairobi, ambao umekwisha kunyweshwa vya kutosha.

Vali ya kurudisha moshi husafishwa kwa subira zaidi ya nguvu. Huvuliwa pamoja na bomba lake, hulowekwa katika dawa ya kuyeyushia kaboni, husuguliwa kwa brashi bila kuigusa sehemu ya umeme, kisha hurudishwa kwa gasketi mpya. Fundi asafishaye vali akaacha njia ya hewa ikiwa imejaa lami ileile amefanya nusu ya kazi na atalipwa kamili. Wanaotumia petroli ya bakuli kusafishia huku mwenzao anachomelea hatua tatu kando, kama ionekanavyo kila siku katika gereji za wazi, wanacheza na umauti. Ama chupa za dawa za kumimina katika tangi, ambazo maduka huzisifu kana kwamba zafufua wafu, zaweza kusaidia kidogo pale ambapo uchafu ndio kwanza unaanza. Penye lami ngumu ni fedha zilizotupwa.

Nimekuja sasa kwenye hila yenyewe. Hufanywa hivi: ganda la masega hupasuliwa, gome likatolewa, ganda likachomelewa tena ili kwa nje lionekane zima, sensa ya nyuma huvalishwa kipande kirefu cha chuma ili ijitenge na moshi na kuidanganya kompyuta kwamba mambo ni shwari, vali ya moshi huzibwa kwa bati, na katika dizeli, chujio hutobolewa kisha kompyuta huandikwa upya isilitafute. Mteja hupewa gari lililorudi na nguvu zake, na hilo ni kweli, wala sitalikana, kwa sababu ndilo linaloipa hila hii umaarufu wake. Gome lililotolewa halitupwi. Katika mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda duniani kupita ya dhahabu mara nyingi, wanunuzi wa masega makuukuu wakaongezeka, na baadhi ya wenye magari, ambao hawakujua thamani ya walichoachia gereji, walilipa ujira wa kuibiwa.

Walakini maradhi hayakuondoka. Kilichoondoka ni dalili. Injini iliyokuwa ikila oili inaendelea kula, nozeli iliyokuwa ikivuja inaendelea kuvuja hata siku itakapotoboa pistoni, na kompyuta ambayo haikuandikwa vizuri huendelea kumwaga mafuta ya kuchomea chujio ambalo halipo tena, oili ikazidi kuzimuliwa hadi beringi zikalia. Hiyo ni hasara ya mwenye gari, na amejitakia. Hasara ya wengine haikuombewa idhini yao: mwezi Juni 2012 tume ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na masizi ambayo chujio lilikuwa likiyazuia hutoka sasa yakiwa madogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu ya watu wanaongoja matatu kituoni Kangemi. Kenya inazo kanuni za ubora wa hewa, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, nazo zinakataza gari kutoa moshi kupita kipimo. Lakini dereva wa gari dogo la nyumbani aweza kuendesha miaka mingi asipimwe moshi hata mara moja. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na chujio likikutwa halinalo hushindwa ukaguzi wa kila mwaka, na habari zikaisha.

Katika jambo hili simlaumu sana fundi wa jua kali. Yeye huletewa gari saa nne asubuhi na mtu anayelitaka saa nane, mwenye fedha za kulitoboa na asiye na fedha za kulitengeneza, naye ana kodi ya kibanda na watoto shuleni. Lawama kubwa zaidi ni ya mwenye gari, ambaye huchagua akijua. Na kubwa kuliko zote ni ya muuzaji wa magari, katika yadi zilizoipamba Ngong Road na Kilimani, amwuziaye mtu wa mjini dizeli yenye chujio kwa kumsifia ulaji mdogo wa mafuta, asimwambie neno lolote juu ya mwendo ambao gari hilo linauhitaji ili liishi.

Na magari hayo yatazidi. Shirika la viwango la Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingia nchini yakiwa hayajapita miaka minane, hivyo kila Januari kikomo husogea mbele kwa mwaka mmoja: mwaka 2025 kilikuwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018. Dizeli ya zamani isiyo na chujio haiji tena bandarini. Basi wewe unayekusudia kununua, kabla hujatazama rangi na viti, hesabu safari zako za kila wiki. Ukiwa wakaa Kilimani, kazi yako iko Kenyatta Avenue, na kwenu huendi ila Desemba, dizeli haikufai hata ukipunguziwa bei. Nunua gari la petroli, ubadilishe oili kwa wakati, na plagi zikichoka zitoe kabla hazijayachoma masega.